Ankara ya Magodoro 40: Jinsi Malipo ya Kaunti Yanavyosafiri Ndani ya Mfumo

Mfanyabiashara amepeleka magodoro 40 katika hospitali ya kaunti ndogo. Wagonjwa wameshaanza kuyalalia. Msimamizi wa hospitali amemshukuru, karani wa stoo ametia sahihi, ankara imefikishwa ofisini. Miezi minne baadaye hajalipwa hata shilingi. Akienda hospitalini anaambiwa aulize ofisi ya ununuzi. Ofisi ya ununuzi inamwambia faili iko kwa wahasibu. Akifika kwa wahasibu anajibiwa maneno ambayo karibu kila anayeiuzia serikali bidhaa amewahi kuyasikia: "Haiko kwa mfumo."

Mfanyabiashara huyu ni wa kubuni, lakini jibu alilopewa si la kubuni. Wauzaji wa vyakula, wenye malori ya kokoto, vikundi vya vijana na kina mama waliopata zabuni ndogo ndogo, wote hulisikia, na wengi huondoka wakiamini kwamba mfumo ni kisingizio tu. Mara nyingine ni kisingizio kweli. Mara nyingi zaidi ni maelezo ya kweli yaliyotolewa nusu nusu.

Mfumo unaozungumziwa unaitwa IFMIS, yaani mfumo jumuishi wa usimamizi wa taarifa za fedha. Mwenyewe ni Hazina ya Kitaifa, na unatumiwa na wizara za serikali kuu pamoja na kaunti zote 47. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka wa 2012 iliipa Hazina jukumu la kubuni mfumo wa fedha utakaotumika katika ngazi zote mbili za serikali. Ndiyo maana kaunti haiwezi kuamka siku moja na kujinunulia mfumo wake wa kulipia bili.

Kazi ya kuuunda ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990, ukaanza kutumika mwaka wa 2003, kisha ukafanyiwa marekebisho makubwa kuanzia 2011. Kaunti ziliukuta zilipoanza kazi mwaka wa 2013. Ndani yake kuna programu ya kampuni ya Oracle ya Marekani, ya jamii ile ile inayotumiwa na viwanda na kampuni kubwa duniani. Wataalamu huziita programu hizo ERP, jina lililotungwa mwaka wa 1990, ingawa wazo lenyewe ni la zamani kidogo: viwanda vilianza kwa kutumia kompyuta kukadiria vipuri na malighafi ya kuagiza, na baadaye vikaona ni upuuzi stoo kuwa na hesabu yake na mhasibu kuwa na yake.

Kitabu kimoja, mikono mingi

Fikiria duka la jumla lenye vitabu vitatu. Mmoja wa wafanyakazi anaandika oda, mwingine anaandika mzigo ulioingia stoo, wa tatu anaandika madeni. Kila mmoja anaandika kwa wakati wake. Jioni mwenye duka akivifungua vyote vitatu, cha oda kinasema magunia 50 ya sukari, cha stoo 46, cha madeni 50. Nani yuko sahihi? Hapo ndipo zogo huanza, na kama ni ofisi ya umma, hapo ndipo pesa hupotelea.

Mfumo jumuishi unaviondoa vitabu vitatu na kuweka kimoja. Taarifa zote ziko katika hifadhidata moja. Kila afisa anafungua ukurasa unaomhusu tu, lakini anachoandika kinabadilisha kurasa za wengine papo hapo. Karani akiandika kwamba magodoro 38 yameingia, ukurasa wa mhasibu nao unajua ni 38. Hakuna anayebeba karatasi kutoka chumba hadi chumba ili idadi hiyo inakiliwe upya.

Hilo ndilo jambo zima. Mengine yote, ya ubora na ya usumbufu, yanatokana na hapo.

Safari huanza kabla ya godoro

Watu wengi hudhani malipo huanza siku ankara inapopelekwa. Kwa mfumo, yalianza mwaka mmoja kabla. Kila mwaka kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, baada ya kukusanya maoni ya wananchi. Bajeti ikishapitishwa, huingizwa katika IFMIS mstari kwa mstari, na kila mstari hupewa namba ndefu. Namba hiyo hueleza ni idara gani, ni mradi gani, ni wapi, pesa zinatoka wapi na zitanunua nini. Vifaa vya hospitali vina namba yake, mafuta ya gari yana yake, posho za safari zina yake. Orodha ya namba hizi imepangwa kwa utaratibu mmoja nchini kote, na ndiyo uti wa mgongo wa mfumo. Kila kitu kitakachofanyika baadaye lazima kining'inie kwenye mojawapo ya namba hizo.

Hapa pana jambo ambalo wakazi huuliza sana. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Julai na Agosti shughuli za ununuzi huonekana zimelala. Sababu moja ni kwamba kupitishwa kwa bajeti na bunge ni jambo moja, na kuingizwa kwake katika mfumo ni jingine. Mpaka mistari ile iwe imepakiwa na kukubaliwa, mfumo hauoni bajeti yoyote, hata kama ilipitishwa kwa kishindo.

Bajeti ikishaingia, hospitali inaweza kuomba magodoro. Afisa anaingiza ombi lake, na mfumo unaangalia salio la mstari husika. Kama ombi ni la shilingi 320,000 na mstari umebakiwa na 250,000, ombi linakwama papo hapo. Kama pesa zinatosha, mfumo unazitenga. Hazijatumika bado, lakini hakuna mwingine anayeweza kuzigusa, kama mzazi anayetia karo kwenye bahasha na kuificha kabatini kabla watoto hawajaomba viatu.

Kutenga huku ndiko kinga kubwa ya muuzaji. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka wa 2015 inakataza ununuzi wowote kuanza kabla ya afisa mhasibu kuridhika kwamba pesa zimo katika bajeti iliyoidhinishwa, na mfumo unaitekeleza sheria hiyo kwa kukataa kuendelea.

Baada ya zabuni na uteuzi wa muuzaji, mfumo hutoa hati ya kuagizia bidhaa, ile ambayo kila mtu huiita LPO. LPO iliyotoka kwenye mfumo ina namba, na namba hiyo imefungwa kwenye zile pesa zilizotengwa. LPO iliyoandikwa kwa mkono haina kamba hiyo. Simu ya afisa anayesema "leta tu, karatasi zitafuata" haina kabisa. Godoro linaweza kuwa zuri, hospitali inaweza kuwa ilikuwa na dharura ya kweli, lakini kwa upande wa mfumo hakuna kilichoagizwa na hakuna pesa zilizongoja. Sehemu ya madeni ambayo kaunti nyingi nchini zinadaiwa ilianzia kwenye sentensi hiyo fupi ya simu, na anayeumia si aliyepiga.

Karatasi tatu lazima zikubaliane

Mzigo ukifika, hutakiwa kupokewa na kamati ya ukaguzi na upokezi, si mtu mmoja. Kamati huhesabu, huangalia kama godoro ni la unene ulioagizwa, kisha upokezi unaingizwa katika mfumo. Halafu ankara ya muuzaji nayo inaingizwa.

Sasa mfumo unaweka vitu vitatu sambamba: kilichoagizwa, kilichopokewa na kinachodaiwa. LPO inasema magodoro 40 kwa shilingi 8,000 kila moja. Upokezi unasema 38, kwa sababu mawili yalikuwa yamechanika. Ankara inasema 40. Malipo yanasimama. Hakuna anayemchukia muuzaji, mfumo tu hauna namna ya kusema "si kitu, ni mawili tu." Muuzaji alete mawili mengine au alete ankara mpya ya 38. Asipoambiwa, anaweza kungoja miezi bila kujua kwamba malipo ya magodoro yote yanazuiwa na yale mawili.

Majina nayo husumbua kuliko inavyodhaniwa. Kikundi kimesajiliwa kwa jina moja, cheti cha PIN cha KRA kina herufi tofauti, akaunti ya benki ina jina la mweka hazina. Kwa binadamu hao ni watu wale wale. Kwa mfumo ni watu watatu. Siku hizi ankara pia inatakiwa kuwa ya eTIMS, ule utaratibu wa KRA wa ankara za kielektroniki, na yule anayeleta ankara ya kitabu cha risiti hurudishwa.

Ankara ikishakubalika, hupita kwa waidhinishaji. Mfumo umepangwa ili aliyeomba bidhaa asiwe ndiye anayeidhinisha, na aliyeingiza ankara asiwe ndiye anayelipa. Kila anayebofya huacha jina na saa. Hilo huchosha wakati afisa mmoja yuko likizo na hakuna aliyekaimishwa, lakini ndilo linalomwezesha Mkaguzi Mkuu kurudi miaka miwili baadaye na kuuliza ni nani aliyekubali nini.

Mstari wa bajeti si pesa mkononi

Hapa ndipo penye ugomvi mwingi kati ya wauzaji na kaunti, na panastahili kuelezwa bila kuficha. Ankara inaweza kupita hatua zote hizo na bado isilipwe, kwa sababu bajeti ni ruhusa ya kutumia, si fedha taslimu. Sehemu kubwa ya fedha za kaunti hutoka Nairobi, katika mgao wa mapato ya kitaifa, na hazifiki kila mara kwa ratiba. Zikifika huingia katika Hazina ya Mapato ya Kaunti. Kwa mujibu wa kifungu cha 207 cha Katiba, haziwezi kutolewa humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti. Idhini ikitolewa, malipo hupitia akaunti za kaunti katika Benki Kuu ya Kenya ndipo yafike benki ya muuzaji.

Kwa hiyo "haiko kwa mfumo" na "pesa hazijafika" ni magonjwa mawili tofauti yenye dawa tofauti. La kwanza linatibiwa ndani ya kaunti: kuna hatua ambayo mtu hajaifanya. La pili linangoja fedha. Afisa anayemjibu muuzaji la kwanza wakati ni la pili, au kinyume chake, anamfanya azunguke bure.

Kisha kuna Juni 30. Siku hiyo mwaka wa fedha hufungwa. Ankara ambayo haijalipwa haifutiki kama deni, lakini mstari wa bajeti uliokuwa ukiishikilia umefika mwisho. Deni hilo lazima litafutiwe nafasi katika bajeti ya mwaka unaofuata. Likisahauliwa katika bajeti hiyo, linabaki bila mstari, na mfumo unarudia kusema hauoni kitu. Ndiyo maana wiki za mwisho za Juni ofisi za uhasibu huwaka taa hadi usiku, na ndiyo maana LPO ya tarehe 24 Juni ni hatari kuliko ya mwezi wa Februari.

Pale ambapo kamba imekatika

Lingekuwa kosa kudhani kwamba kaunti nzima iko ndani ya kitabu kimoja. Haiko. Mishahara huandaliwa katika mfumo mwingine wa serikali, na jumla yake ndiyo huingizwa katika IFMIS. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimetaja mara kwa mara kaunti zinazolipa baadhi ya wafanyakazi kwa orodha za mkono nje ya mfumo wa mishahara. Katika orodha kama hizo, jina la mtu aliyeacha kazi au asiyekuwepo kamwe linaweza kubaki bila mashine yoyote kuuliza.

Mapato pia yako kando. Kila kaunti ina mfumo wake wa kukusanya ada za maegesho, leseni za biashara, ushuru wa soko na kodi za ardhi. Mama mboga akilipa ushuru kwa simu, mfumo wa mapato unajua dakika ile ile. Vitabu vya uhasibu vinajua baadaye, wahasibu wakishalinganisha na taarifa za benki. Wakazi wanaosikia takwimu mbili tofauti za mapato ya robo moja ya mwaka hawajasikia uongo lazima. Huenda moja imetoka upande huu wa pengo na nyingine upande ule. Lakini pengo lenyewe ni tatizo. Kila mahali ambapo mtu ananakili namba kutoka skrini moja kwenda nyingine ni mahali pa kukosea, au pa kukosea kwa makusudi.

Jambo hili si geni. Baadhi ya mabaraza ya miji na wilaya yaliyokuwepo kabla ya ugatuzi yalitumia mfumo ulioitwa LAIFOMS kwa mapato na hesabu zao. Mabaraza yalipovunjwa mwaka wa 2013, kaunti zilirithi rekodi za sehemu mbalimbali zisizofanana, nyingine zikiwa katika makaratasi tu. Baadhi ya mivutano ya leo kuhusu kodi za mashamba na ploti ina mizizi huko.

Upande wa ununuzi unaendelea kubadilika. Mwaka wa 2025 Hazina ya Kitaifa ilizindua mfumo mpya wa zabuni za kielektroniki, e-GP, na utekelezaji wake ulizua mvutano uliofika mahakamani. Kwa muuzaji, la muhimu ni kuhakikisha amesajiliwa kwa majina na PIN zile zile mahali popote anapotakiwa kujisajili.

Mfumo hauhesabu magodoro

Wapo wanaodhani kwamba kompyuta imemaliza wizi. Mwaka wa 2015, katika sakata ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, Wakenya walisikia kwa kirefu habari za nywila za IFMIS zilizodaiwa kutumiwa na watu wasiostahili. Mfumo hutambua nywila, hautambui uso. Afisa anayempa msaidizi wake nywila "amalizie kazi" amekubali kwamba chochote kitakachofanyika kitaandikwa kwa jina lake.

Wala mfumo hauna macho stoo. Kamati ikitia sahihi kwamba imepokea magodoro 40 ilhali ni 25, LPO, upokezi na ankara vitakubaliana vizuri kabisa, na malipo yatapita bila kikwazo. Katika hatua hiyo moja, uaminifu wa watu watatu au wanne waliosimama mlangoni pa stoo na kuhesabu ndio mfumo wote uliopo. Wauguzi na wagonjwa wanaojua vitanda vingapi havina godoro wanaweza kuwa wakaguzi wazuri kuliko programu yoyote.

Na mtandao ukikatika au seva za Nairobi zikizima, kazi husimama kila mahali kwa pamoja. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na kitabu kimoja.

Maswali yenye majibu

Muuzaji anayefuatilia malipo yake atasaidika zaidi akiacha swali la "nitalipwa lini" na kuuliza ankara iko hatua gani. Aende na namba ya LPO, nakala ya hati ya upokezi yenye sahihi za kamati na nakala ya ankara. Kwa namba ya LPO, afisa aliyeidhinishwa anaweza kuona kama upokezi uliingizwa, kama ankara ililingana, kama imeidhinishwa, au kama inangoja fedha. Anayestahili kutoa jibu la mwisho ni afisa mhasibu wa idara iliyonunua, ambaye katika kaunti huwa ni afisa mkuu wa idara hiyo.

Asipojibiwa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 inampa kila raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi, na ofisi ya umma inatakiwa kuamua ombi hilo ndani ya siku 21. Mkazi asiye muuzaji naye ana pa kuangalia: Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti za matumizi ya kila kaunti kila robo ya mwaka, zikiwemo taarifa za madeni ambayo hayajalipwa.

Kuhusu mwenye magodoro 40, jibu linategemea alichonacho mfukoni. Kama ana LPO ya mfumo, deni lake lina anwani, na kilichobaki ni kujua limekwama hatua gani. Kama alipigiwa simu, atalazimika kuiandikia idara rasmi, aambatanishe kila ushahidi wa kufikisha mzigo, na angoje deni lake lihakikiwe. Likikubaliwa, litaingizwa katika bajeti ya nyongeza au ya mwaka ujao, ndipo lipate namba. Linaweza pia kukataliwa, ilhali wagonjwa wanaendelea kulalia magodoro yake.